Kurasa Alizozibandika Mama Maktaba

Watu waliofukuzwa kazi kwa kukataa amri ninawajua kadhaa. Aliyefukuzwa kwa kuitii namjua mmoja tu, naye ni mkutubi wa shule yetu ya sekondari, ile ya wasichana iliyozungukwa na miwa upande wa Kabuchai. Tulimwita Mama Maktaba. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, aliolewa na nani, sikuwahi kuuliza na sitajifanya najua leo. Habari hizo zitasomwa siku ya mazishi yake, na kwa jinsi ninavyoujua wasifu wa mazishi ya kwetu Bungoma, zitakuwa zimesafishwa hadi marehemu mwenyewe angeuliza ni nani huyo anayezikwa. Mimi nitaeleza niliyoyaona.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, yote ikining'inia shingoni kwa uzi. Mmoja ulikuwa wa kusomea na mwingine wa kutazamia watu, na wewe ulipoanza kumdanganya alivua wa watu akavaa wa kusomea. Chini ya meza yake palikaa chupa ya chai ya bluu, kubwa kuliko inavyomfaa mtu mmoja, iliyojaa chai ya rangi isiyo na sukari. Siku nzima alivumisha nyimbo za kanisa puani, ndani ya chumba chenye bango la KIMYA alilolipaka rangi kwa mkono wake. Ulipomwonyesha bango lile alikujibu kwamba limewekwa kwa ajili ya wenye kutumia midomo.

Ulipomrudishia kitabu aliuliza swali moja: "Umekisoma au umekishika?" Hakutaka muhtasari wala mafunzo ya hadithi, yale tuliyokuwa tukiyakariri kwa ajili ya mtihani. Alifungua ukurasa wowote akakuuliza mtu huyu hapa alikula nini, au kulikuwa na mvua au jua. Ukishindwa, alilivuta daftari lake la maktaba, ambalo serikali ililichorea safu tatu na yeye akaongeza ya nne kwa rula, akaandika: ameshika. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameazima kitabu cha uongozi bora tangu kabla sisi hatujaingia kidato cha kwanza. Mbele ya jina lake kila muhula paliandikwa ameshika, ameshika, ameshika. Naibu hakuwahi kuliona daftari hilo, kwa sababu kuliona kungemlazimu kuja kurudisha kitabu.

Nilimjua kwa karibu kwa sababu nilikuwa kiranja wa maktaba kwa miaka miwili, cheo kilichonipa haki ya kupangusa vumbi. Hivyo niliona jinsi alivyozipokea amri. Hakubishana hata siku moja. Ilipokuja amri kwamba hakuna mtu kuingia maktaba na viatu vya matope, aliyekuwa wa kwanza kuvuliwa viatu ni naibu mwenyewe, mbele ya wageni, na soksi yake ya kushoto ikatuonyesha kidole gumba. Ilipokuja amri kwamba picha zote za watu wasiovaa sawasawa ziondolewe, aliondoa gazeti moja la michezo ya kuogelea, kisha akabeba Biblia ya watoto yenye picha ya Adamu na Hawa, akaiweka mezani kwa mchungaji wa shule, akauliza kwa heshima kama majani yale yanatosha. Mchungaji aliyatazama kwa muda mrefu. Biblia ikarudi rafuni na hakuna aliyezungumza tena kuhusu picha.

Usidhani alikuwa mtetezi wetu. Alikuwa mzee wa kanisa, na nywele zilizosukwa kwa uzi wa rangi zilimkera kuliko dhambi nyingine zote. Aliyemkamata akisoma kwa tochi chini ya blanketi alimpeleka kwa matroni bila huruma, eti macho ni ya kutumiwa maisha yote. Msichana aliyechana ukurasa mmoja wa kamusi, wa maneno ya M, alimchongea hadi akapewa wiki mbili za kufyeka. Nilimkuta siku ile amekaa na kamusi yake magotini, machozi yanamtoka, akiniuliza sasa mtu akitaka kujua maana ya mkate aende wapi. Nilimwona mwendawazimu kidogo. Tulimpenda, lakini kwa jinsi mtu anavyompenda shangazi asiyetaka atembelee shuleni.

Shule yetu yenyewe ilisifika. Ilisifika kwa mambo mawili, usafi wa mitaro na mwandiko. Naibu aliamini kwamba msahihishaji wa mtihani huchoka, na akichoka hupenda mwandiko uliosimama wima, wa mviringo, wenye mkia mfupi. Basi kila Jumatatu, kidato cha kwanza hadi cha nne, tulinakili mistari kutoka ubaoni mpaka herufi zetu zote zikafanana. Aliyeinamisha herufi alirudia. Siku ya wazazi alizichanganya daftari zetu mezani na kuwaalika akina mama watafute ya binti zao, na mama mmoja kutoka Sirisia alichukua ya mtoto wa mwenzake akaisifu sana. Ukumbi ulipiga makofi. Nilipiga na mimi.

Katika shule ya namna hiyo, riwaya moja ilikuja kama ndwele. Ilikuja ndani ya katoni, nakala arobaini, zawadi ya mfadhili ambaye bila shaka hata yeye alikuwa ameishika tu. Ilisimulia mji mmoja ulio chini ya mlima. Wakubwa wa mji walitangaza kwamba mlima haupo. Madirisha yote yanayoutazama yakazibwa, watoto wakafundishwa kwamba upande ule ni ukungu tu, na wananchi wakazoea upesi kuliko hata wakubwa walivyotarajia. Shujaa wake alikuwa fundi wa madirisha. Siku moja alitumwa kuziba dirisha la bibi kizee asiyeweza kutoka kitandani, na bibi akamwomba amwachie tundu la kidole. Fundi akauliza la nini. Tangu hapo hakuacha kuuliza, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mbona wengine hawaulizi.

Kwetu hadithi kama hiyo haiwezekani, kama unavyojua. Kwetu Mlima Elgon upo, tuliuona kila asubuhi tukienda kuoga, na hakuna mkubwa aliyewahi kukana jambo linaloonekana na watu wote.

Malalamiko yaliletwa na mwenyekiti wa wazazi, mkulima wa miwa, mtu mpole mwenye baiskeli. Hakuwa ameisoma. Alikuwa ameambiwa na mtu aliyeambiwa. Nilikuwa nikipangusa rafu ya historia aliposimama katikati ya maktaba akasema, "Hii kitabu inafundisha watoto kuuliza wazazi maswali. Sasa wakianza kuniuliza mimi, nitarima saa ngapi?" Ikaundwa kamati ya maadili ya watu watatu: mwenyekiti huyo, naibu, na mchungaji wa shule. Kuchoma vitabu vya zawadi kungeonekana vibaya kwa mfadhili, kwa hiyo kamati ikaamua kwa busara kwamba kurasa mbaya peke yake zibandikwe kwa gundi, zisifunguke.

"Kurasa zipi?" Mama Maktaba akauliza.

Naibu akasema zile mbaya.

"Si mnionyeshe. Nikibandika nzuri nitakuwa nimeharibu mali ya shule."

Hapo ndipo kamati ilipofanya kosa lake. Badala ya kuchagua kurasa kwa kukisia, kama kamati nyingine zenye akili, walikubali kukisoma kitabu. Na kwa kuwa mwenyekiti hakuwa na miwani, na naibu hakuwa na muda, iliamuliwa mchungaji asome kwa sauti na wengine wasikilize, kila Jumatano baada ya michezo, na kila ukurasa utakaofungwa utiwe sahihi za wote watatu. Sharti la sahihi lilitoka kwa Mama Maktaba. Sisi wanafunzi tulitolewa nje, nami kiranja nikiwa wa kwanza, ili masikio yetu yasichafuke.

Tukakaa chini ya dirisha. Jumatano ya kwanza tulikuwa watano. Ya tatu tulikuwa zaidi ya thelathini, tumejipanga ukutani kwa utulivu ambao naibu hakuwahi kuupata darasani. Mchungaji alikuwa na sauti nzuri ya mimbari, ila alipofika penye maneno makali aliishusha, na hapo tulimsikia Mama Maktaba akimkatiza: "Paza sauti kidogo, pasta. Wa nyuma hawajasikia."

Mezani walikuwa watu wanne. Nyuma ya mchungaji hapakuwa na kitu isipokuwa rafu ya kamusi. Nadhani aligeuka akaitazama, kisha tulimsikia akirudia sentensi ile kwa sauti ya mahubiri. Kila Jumatano ilikuwa hivyo, mara mbili, mara tatu. Tulizibana midomo kwa viganja tusicheke. Maskini mama, tulisema, macho yameenda na sasa masikio nayo.

Mwenyekiti ndiye aliyetushangaza. Wiki ya kwanza alisema funga, funga, karibu kila ukurasa. Wiki ya pili alianza kuuliza "halafu?" Wiki ya tatu mvua ilinyesha mpaka mitaro maarufu ya shule ikafurika, na yeye akaja kwa baiskeli, amelowa chapa, asikose. Fundi alipokamatwa tulimsikia akisema, "Lakini huyu jamaa hajakosa, pasta. Mlima si iko?" Halafu akajikumbuka kwamba yeye ni mwenyekiti, na akapiga kura ukurasa ule ufungwe.

Siku hiyo hiyo naibu aliinua macho akaona kichwa cha mtu dirishani. Akaamuru vioo vya chini vya maktaba vipakwe rangi, visionyeshe ndani. Watu watatu wazima walikuwa wamemaliza dakika hiyo kusoma sura nzima ya madirisha yaliyozibwa, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Mama Maktaba aliomba amri iandikwe, ikaandikwa. Aliuliza rangi gani, akaambiwa ile ya kijani iliyobaki kwenye geti. Akavipaka mwenyewe kesho yake, vizuri, kioo kwa kioo, isipokuwa kwenye kona ya kioo cha mwisho ambapo brashi haikufika. Pakabaki uwazi wa kutosha kidole. Tulisema mama haoni vizuri, tukawa tunaegemeza jicho hapohapo.

Kamati ilipomaliza kitabu, orodha ya kurasa mbaya ilichapwa na kutundikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu kanuni ya shule ilisema maamuzi yote ya kamati yatangazwe. Aliyeikumbusha kamati kanuni hiyo ni yeye. Sijawahi kuona tangazo likinakiliwa namna ile. Wasichana ambao hawakuwahi kufungua kitabu bila kiboko waliiandika orodha viganjani.

Gundi aliipika kwa wapishi, unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, uji mzito mweupe. Tulibandika pamoja, yeye na mimi, nakala arobaini, mchana kutwa siku tatu. Hakusema neno baya juu ya kamati. Nilipomuuliza kama haoni uchungu, alivaa miwani ya kutazamia watu, akanitazama, akaniambia nipake gundi kingoni tu, nisipake katikati penye maneno. Nikapaka kingoni tu.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita mbio. Aliyegundua mvuke ni mimi. Jioni moja kwenye ukumbi wa chakula meza ilikuwa imelowa, nikakiweka kitabu juu ya kikombe cha chai ya maziwa kisipate maji. Nilipokichukua, kurasa mbili zilikuwa zimeachana zenyewe bila kuchanika. Nilimwambia jirani yangu wa dawati, nikamwapisha asiseme, na kufikia Jumapili kidato cha tatu kizima kilikuwa kinasoma kwa vikombe. Mimi mwenyewe niliwafundisha, kikombe kiwe cha moto kiasi gani, mpaka wapi uhesabu. Muhula ule tulikisoma kitabu kimoja kuliko vingine vyote tulivyokuwa tumeshika. Mama Maktaba hakuwahi kumwambia yeyote jinsi ya kuzifungua. Hilo nalijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Mkaguzi akaja kutoka ofisi ya elimu. Aliokota nakala moja apige nayo picha, ikafunguka mkononi mwake pale ambapo orodha ilisema pamefungwa, na ndani mna doa la chai. Naibu aliona aibu, na aibu ya mkubwa lazima ipatiwe mtu wa kuibeba. Asubuhi iliyofuata alikuja darasani kwetu, akaandika ubaoni mistari mitatu, akatuambia kila mmoja aandike taarifa yake. Yake, alisema, na mkono wake umeelekea ubaoni. Mistari ilikuwa hii: Nilisoma kurasa zilizofungwa. Mkutubi ndiye aliyenifundisha kuzifungua. Naomba msamaha.

Tulikuwa thelathini na wanane. Tulikuwa tumesoma riwaya nzima juu ya mtu aliyesimama peke yake akauliza, tena kurasa zake nzuri tulizijua kwa moyo. Mimi peke yangu niliinua mkono. Naibu akaniruhusu. Nikauliza tarehe iandikwe juu au chini.

Hilo ndilo swali nililouliza. Akasema chini, nikaiandika chini, kwa mwandiko uliosimama wima. Kalamu yangu ilikuwa inavuja, ikaniachia doa la wino pembeni, na ninachokumbuka kukiogopa asubuhi ile ni kurudishwa kwa sababu ya doa.

Alifukuzwa Ijumaa. Alikabidhi funguo moja moja, kila moja ikatiwa sahihi. Barua ilisema kwamba ushahidi ni taarifa za wanafunzi, naye akaomba nakala za ushahidi huo, kwa vile barua imezitaja na yeye hajazisoma. Naibu hakutaka asumbue watoto. Alimpa taarifa zenyewe, lakini juu ya kila jina akabandika ukanda wa karatasi, na kwa kuwa gundi ya dukani ilikuwa imekwisha, alitumia iliyobaki kwenye sufuria ya maktaba. Nilikuwa getini Mama Maktaba alipotoka na chupa yake ya chai na bahasha kwapani. Nilisimama katikati ya njia. Akanipita, kisha akageuka. "Ile rafu ya jiografia haijapangwa, mayi," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu, akaenda zake. Niliipanga jioni ile nikilia.

Miaka imepita. Leo mimi ni mwalimu, tena Kitale, mji wa watu wenye mahindi na haraka. Nafundisha somo ambalo naweza kulifundisha bila kumkera mtu. Ni katibu pia wa kamati ya kanisa letu, iliyopata chumba kizuri cha kusomea vijana wa mtaa, rafu tayari, vitabu tayari, bado mtu wa kukabidhiwa ufunguo. Fundi viatu mmoja, mjumbe mwenzetu, akampendekeza mama jirani yake anayeuza vitabu vya mitumba karibu na soko. Alisema hajawahi kuona mtu anayekataa kuuza kitabu mpaka mnunuzi aape kwamba atakisoma. Nilijua kabla hajamaliza.

Jina lilipotajwa mzee wetu wa kamati alikunja uso. Ana shemeji Bungoma. "Huyo mama alifungulia watoto mambo," akasema. "Iko kwa faili. Wanafunzi wenyewe waliandika. Sisi tunataka mtu wa kufungua chumba asubuhi na kufunga jioni, basi." Ikaamuliwa nitumwe nikamhoji, kwa kuwa nilisoma pande zile na huenda najua mambo. Niliandika uamuzi huo kwenye kumbukumbu za kikao. Sikusema najua nini.

Nilimkuta Jumamosi asubuhi. Kibanda chake kimebanwa kati ya yule fundi viatu wetu na mwanamke anayeuza gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya matopeni. Vitabu vimepangwa migongo nje, chupa ya bluu iko chini ya kiti, rangi imemenyeka. Amezeeka, amekuwa mfupi zaidi, miwani bado miwili. Nilikuwa nimejitayarisha kuwa mteja kwa dakika chache. Alivaa miwani ya watu.

"Umekuja kusoma au kushika?" akauliza.

Nilimsalimu, nikaketi kwenye kreti aliyonisogezea, akanimiminia chai. Nikaeleza nilichotumwa, kwa ile lugha ya kamati, kwamba kuna jambo dogo linalohitaji ufafanuzi. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema chumba kile amekiona, kina dirisha zuri, na angependa sana kupewa. Alilisema hivyo tu, waziwazi. Kisha akatoa bahasha chini ya vitabu, akatandaza karatasi juu ya kitambaa, thelathini na nane, vikanda vyao bado mahali pake.

"Kamati inataka ushahidi. Ushahidi ndio huu," akasema. "Ipi yako?"

Nikamuuliza kwani hakuwahi kuvifungua vikanda. Akasema aliambiwa majina ni siri ya shule.

Nilizipitia moja moja. Mwandiko uliosimama wima, wa mviringo, wenye mkia mfupi. Mistari mitatu, tarehe chini. Nilizipitia tena, maana ni mkono wangu na sikuujua. Halafu nikaona doa la wino pembeni ya moja, nikashusha pumzi. Hii, nikasema. Akasema nifungue mimi, yeye hajaruhusiwa. Nikaushika ukanda juu ya kikombe changu cha chai, nikahesabu kama zamani.

"Kumbe ndivyo mlivyokuwa mnafanya," akasema, na kwa uso ule hungejua kama amestaajabu au vipi.

Ukanda ukaachia. Chini yake palikuwa na jina la jirani yangu wa dawati, yule niliyemwapisha. Kumbe na kalamu yake ilivuja, au tuliazimana, sikumbuki. Mama Maktaba alilitazama jina, akanitazama, hakucheka. Akasema yangu basi bado iko hapo ndani, lakini haina haja. Akararua karatasi safi katikati ya daftari lake, akanipa na kalamu.

Sikuandika upesi. Kamati hukutana Jumapili baada ya ibada, na nikiyaandika haya mzee atauliza kwa nini katibu alikaa kimya wakati faili linatajwa. Mwalimu mkuu wangu yumo kwenye kamati ile. Nilifikiria hayo yote, yeye akipanga vitabu vyake na kuvumisha wimbo puani. Kisha nikaandika: Mimi ndiye niliyegundua mvuke. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Mkutubi hakumfundisha mtu. Nilinakili uongo kutoka ubaoni nikijua ni uongo, nikatia sahihi. Herufi zilisimama wima vilevile, sina nyingine.

Nikamkabidhi. Hakuipokea.

"Soma," akasema. "Tujue kama ni ukurasa wa kufunga."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, uso nimeuinamisha, kwa sababu nyundo ya fundi viatu ilikuwa imenyamaza, na mwanamke wa gambuti alikuwa na wateja wawili, na mmoja nilimjua kutoka kanisani. Nilipomaliza nikaikunja karatasi. Mama Maktaba alivua miwani yake, ikaning'inia yote miwili.

"Paza sauti kidogo, mwalimu," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Mikono yangu ikaacha kukunja. Nilimtazama, naye akanitazama kwa macho yake matupu, akangoja, kama alivyomngoja mchungaji.

Nikaikunjua karatasi. Nikasimama, nikageuka nyuma walikokuwa watu, nikaanza tena tangu Mimi.